Diski moja, kompyuta tatu

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo naandika kuhusu kufomati diski ya nje, jambo nililodhani nalijua tangu chuoni mpaka liliponiaibisha mbele ya familia.

Desemba 2023 nilikuwa Kitale nikimrekodi kukhu, yaani nyanya yetu, akisimulia habari za ukoo. Zilitoka video 14, moja ikiwa na zaidi ya GB 6. Nikazihamishia kwenye diski ya TB 1 niliyokuwa nimeifomati kwa ext4, kwa sababu laptopu yangu inatumia Ubuntu. Halafu nikazifuta kwenye simu, maana ilikuwa imejaa. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Nikapanda matatu, Kiminini, Webuye, mpaka Bungoma, nikamwachia binamu yangu diski ili anakili. Yeye anatumia Windows, na Windows haisomi ext4 moja kwa moja. Ikamwambia diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Akakubali, kama ambavyo watu wengi wangekubali. Jioni akanipigia: "Bro, hii diski yako mbona haina kitu?"

Nikamwambia aichomoe na asiweke chochote ndani. Kufomati kwa haraka hakufuti data yote. Kunaandika upya orodha ya mahali faili zilipo. Nikatumia PhotoRec, programu ya bure inayotafuta faili kwa kutambua alama zake za mwanzo. Ilichukua usiku mzima. Zilirudi video 11, bila majina. Tatu hazikurudi, na kukhu alituacha miezi michache baadaye.

Simlaumu binamu. Mimi ndiye mwenye digrii ya kompyuta, na sikuuliza swali rahisi: diski hii itasomwa na nani?

Haya basi, uamuzi wenyewe ni huu:

FAT32: inasomwa karibu kila mahali, lakini faili moja haiwezi kufika GB 4. Ile video kubwa ingekataa.

NTFS: ni ya Windows. Linux za sasa zinaisoma na kuiandikia, lakini Mac, bila programu ya ziada, inaisoma tu.

ext4: nzuri sana, ikiwa kompyuta zote ni za Linux.

exFAT: Microsoft waliitoa 2006, na 2019 wakachapisha maelezo yake hadharani. Linux ikaanza kuwa nayo ndani ya kerneli toleo la 5.4 mwaka huo huo. Windows, Mac na Linux zote zinaisoma na kuiandikia. Kwa diski ya kuzungushwa katika familia, chagua hii.

Kwenye Windows, bofya kulia juu ya diski, chagua Format, kisha exFAT. Kwenye Mac tumia Disk Utility. Kwenye Ubuntu, sakinisha exfatprogs, andika lsblk ili ujue diski yako ni ipi, kisha:

sudo mkfs.exfat -n FAMILIA /dev/sdb1

Hiyo sdb1 ni ya kwangu. Yako inaweza kuwa tofauti, na ukikosea herufi moja utafuta diski nyingine. Angalia mara mbili.

Onyo moja: exFAT haina jarida la mabadiliko kama NTFS na ext4. Ukiichomoa au stima ikipotea katikati ya kunakili, faili zinaweza kuharibika. Toa diski kwa utaratibu kila mara.

Siku hizi video 11 za kukhu ziko kwenye diski mbili, moja Kitale na nyingine Bungoma, zote exFAT. Juu ya kila moja nimebandika karatasi: "UKIAMBIWA UFOMATI, KATAA. NIPIGIE KWANZA."

Kama una diski yenye vitu vya familia, ijaribu leo kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ungali na nakala kwingine. Tuonane wakati mwingine.