Siku Saba za Kutotumwa

Harusi ya kwetu Nakuru ina kamati. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na ina kundi la WhatsApp lisilolala, la kujadili hema, viti, mchele na nani atachinja. Kila aliyechanga ana sauti. Yetu ina watu 63, na mimi bibi harusi nimo humo kama mgeni. Nikiuliza swali naambiwa nitulie, mambo yanashughulikiwa. Kitu kimoja tu hakikuwahi kuingia kwenye ajenda, nacho ni siku zinazofuata harusi. Hapo ndipo mimi na mchumba wangu tulipotoa daftari la kurasa 96 tukaanza kupanga, sisi wawili tu, wiki moja ya kwenda kisiwani.

Tulidhani hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Mtaani tunasema hanimuni. Kamusi inasema fungate, na hilo neno limebeba hesabu yake. Fungate ni saba ya zamani, kabla Kiswahili hakijachukua saba ya Kiarabu, na katika lugha za Mijikenda mpaka leo saba ni fungahe. Kwenye harusi za Waswahili wa pwani, bwana harusi alikuwa akiingia nyumbani kwa bibi harusi na kukaa humo siku saba. Chakula kililetwa, maji yaliletwa, na wawili hao hawakuwa na kazi ya kufanya. Hawakusafiri popote. Nilipoisoma habari hiyo nilimwonyesha mchumba wangu, naye akasema, "Kumbe ni hiyo ndiyo tunataka." Bahari tunaipenda, lakini tulichokuwa tukikitafuta ni wiki nzima ambayo hakuna mtu anaweza kututuma.

Kwetu, mtu asiyeweza kutumwa ni mtu aliye mbali. Mchumba wangu ni kifungua mimba, na nyuma yake kuna wanne. Simu yake ikilia Jumapili najua tayari: tangi limekauka, gesi imeisha, mtoto amerudishwa kwa sababu ya karo, presha ya mama imepanda. Ana likizo ya kila mwaka, na miaka minne ambayo nimemjua, zote zimeishia Njoro kwenye mahindi ya nyumbani. Halalamiki. Nilipomuuliza mara ya mwisho alipumzika lini, alifikiri kwa muda mrefu halafu akataja siku aliyolazwa na malaria.

Mamangu aliposikia neno kisiwa aliuliza, "Si kuna kisiwa Baringo?" Hakuwa anatania. Ol Kokwe iko katikati ya Ziwa Baringo, ina chemchemi za maji moto, na Wailchamus wanaishi huko na familia zao. Ukitoka Nakuru asubuhi utakunywa chai ya saa nne Kampi ya Samaki, kisha upande mashua. Naivasha nayo ina Crescent Island, ambapo unatembea kwa miguu kati ya twiga na pundamilia. Kwa bei, mama alikuwa sahihi kabisa. Shida ni kwamba Naivasha ndiko mchumba wangu anakofanya kazi, na Baringo ni kama saa mbili tu kwa matatu. Saa mbili ni umbali wa kutumwa. Mtu anaweza kukupigia asubuhi akisema "pitia hapa kidogo", na kabla ya saa sita uko kwao unabeba mtungi.

Zanzibar tuliijadili jioni moja nzima, maana karibu kila picha ya fungate niliyowahi kuiona mtandaoni ni ya Nungwi. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini anahitaji paspoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mimi nina paspoti, mwenzangu hana. Hoteli tulizoziandikia zilijibu kwa dola, na tulipogeuza dola hizo kuwa shilingi, daftari lilifungwa lenyewe. Ikabaki Lamu.

Kisha likaja suala la lini. Mchumba wangu yuko kwenye shamba la maua, kwa hiyo kalenda yetu inaamuliwa na wapenzi wa watu wengine. Kuanzia Januari hakuna likizo, kwa sababu ya Siku ya Wapendanao. Wakimaliza hapo, Uingereza inasherehekea Siku ya Akina Mama mwezi wa Machi, halafu nchi nyingine nyingi zinaisherehekea Mei. Waridi hupumua kuanzia Juni. Wafanyakazi nao hupumua hapo hapo. Yeye hukata maua ya mahaba ya Ulaya nzima, na ya kwake yanasubiri soko litulie.

Tatizo ni kwamba Juni na Julai pwani ni msimu wa kusi. Kaskazi, upepo unaovuma kuanzia karibu Novemba hadi Machi, ndio unaoleta ile bahari ya kwenye picha, tulivu na angavu. Kusi huja na mawimbi na mawingu, na mwani hujaa ufukweni. Mvua kubwa ya masika huwa imemwaga Aprili na Mei, na baadhi ya hoteli za Lamu hufunga kabisa kipindi hicho. Mwenye chumba tuliyempigia alituambia ukweli bila kuficha: mwishoni mwa Julai upepo utakuwa mkali upande wa Shela, lakini mkondo ulio mbele ya mji utakuwa salama, na bei itakuwa ya chini. Tukachukua wiki ya mwisho ya Julai. Watu wa msimu wa chini hupata bahari ya msimu wa chini, na mimi sikuona ubaya wowote.

Hesabu ya siku ndiyo iliyotugombanisha. Mimi nilitaka kwenda na kurudi kwa barabara, kwa sababu ya pesa. Tukaiandika: siku ya kwanza, matatu hadi Nairobi, kisha treni ya mchana hadi Mombasa, 1,500 kila mtu daraja la kawaida. Siku ya pili, basi kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, halafu mashua hadi mjini Lamu. Kurudi, siku mbili nyingine. Ukitoa nne kwenye saba zinabaki tatu. Mchumba wangu aliiangalia ile tatu, akachukua kalamu akaandika chini yake "ndege". Ndege hutua Manda, kisiwa cha ng'ambo ya mkondo, na kutoka huko hadi Nairobi ni safari ya chini ya saa mbili. Tiketi mbili za kurudi zingekuwa 25,000. Nilimwambia hiyo ni pesa ya kulala siku sita kwa chumba cha 4,000. Akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo huitumia mara chache, kwamba kitanda si kitu alichokosa maishani, alichokosa ni siku. Tukakubaliana: kwenda kwa ardhi, kurudi kwa ndege. Siku nne kamili kisiwani.

Jumla ilikuwa 80,000. Kwetu sisi hiyo ni 2,000 kila wiki kwa wiki 40, yangu kutoka kwenye makala ninazoandika, yake kutoka kwenye saa za ziada. Hatukuitaja kwenye kundi, lakini Nakuru haina siri. Siku ya kikao mjomba wangu alinivuta kando akaniambia, kwa upole, "Hiyo pesa si ingekurudisha chuo?"

Ni kweli niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na ni kweli mjomba ananitakia mema. Lakini kikao hicho hicho kilikuwa kimetoka kupitisha bajeti ya hema, spika, keki ya ngazi tatu na ng'ombe wawili. Nimeketi kwenye vikao vingi mwaka huu na sijasikia mtu hata mmoja akisema kwamba ng'ombe angenirudisha chuo. Pesa ya kulisha watu 400 kwa mchana mmoja ni heshima. Pesa ya watu wawili kukaa kimya siku saba inapimwa kwa karo, kwa ploti, kwa kila kitu ambacho hatuna. Nilimjibu, "Ndiyo, mjomba," kama inavyopasa, na jioni hiyo nikatuma pesa ya kuweka chumba.

Mamangu alikuwa na hofu nyingine, na hiyo sikuweza kuijibu haraka. Kwake, Lamu ni Mpeketoni. Miaka ya 1970 serikali iligawa ardhi kandokando ya Ziwa Kenyatta, na familia nyingi za bara, zikiwemo za watu aliowajua Subukia alikokulia, zikaenda kuanza upya huko. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, watu wenye silaha waliingia Mpeketoni, na kufikia usiku uliofuata zaidi ya watu 60 walikuwa wameuawa katika eneo hilo. Mama aliikesha ile habari redioni akisubiri majina. Nilimweleza kwamba Mpeketoni iko bara, kwamba mji wa Lamu uko kisiwani, kwamba barabara ya Garsen sasa ni ya lami na basi husimamishwa njiani watu waonyeshe vitambulisho. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na kwa nini basi lisimamishwe kama kuko salama?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilichomwambia ni kwamba hata sisi tuna jina. Januari 2008 nilikuwa mtoto, na nakumbuka moshi upande wa Kaptembwa na sauti yake akituambia tulale chini ya dirisha. Kuna mama fulani Lamu ambaye mwanawe akimwambia "naenda Nakuru" atakumbuka yale aliyoyaona kwenye televisheni mwaka huo, na atamwuliza kwa nini asiende kwingine. Je, angekosea? Mama alinyamaza, akaendelea kuchambua maharagwe. Kesho yake aliniuliza kama huko Lamu kuna baridi ya usiku, abebe leso ngapi. Nilimkumbusha kwamba yeye haendi. Akacheka. "Za kwako wewe," akasema. "Mimi fungate yangu ilikuwa kuosha sufuria za harusi."

Basi kufikia hapo tulikuwa na chumba, treni, upepo na baraka ya mama. Ukurasa wa mwisho wa daftari ndio uliobaki mtupu kwa wiki tatu. Juu yake mchumba wangu alikuwa ameandika swali: "Nani atakuwa mimi?"

Huwezi kuweka hilo kwenye bajeti. Unaweza kukata tiketi ya kisiwa kisicho na barabara za magari ndani ya mji, kisiwa cha punda na mashua, na bado simu ikakufuata ng'ambo ya maji. Kuzima simu si jawabu kwa mtu ambaye mamake anatumia dawa kila siku. Ilibidi apatikane kifungua mimba wa siku saba.

Anayemfuata mchumba wangu ana miaka 21, anaendesha bodaboda hapo Free Area, na nyumbani bado anaitwa "mtoto". Tulimwita chakula cha jioni, tukamwekea ugali na samaki, na mkubwa akafungua daftari. Dawa za mama huchukuliwa Jumanne, kadi ya kliniki iko nyuma ya Biblia. Tangi likikauka mpigie mtu wa maji, usimpe pesa kabla hajajaza. Ng'ombe akikataa kula, daktari wa mifugo ni yule wa Njoro, si yule wa mjini. Kitinda mimba akisema ametumwa pesa na shule, piga shule kwanza. Ilikuwa mistari 14. Mdogo aliisoma yote polepole, kisha akauliza, "Na nikishindwa na kitu?"

Niliona mchumba wangu akifungua mdomo. Nilijua neno lililokuwa likija, "nipigie", maana ndilo neno analolisema kila siku. Hakulisema. Alisogeza daftari upande wa pili wa meza, akamwambia, "Uliza mama. Yeye alinifundisha yote."

Mama mkwe mtarajiwa hakufurahi mwanzoni. Aliuliza kama tunahama. Wiki iliyofuata akampa mdogo kadi ya kliniki mkononi, bila hotuba, akamwambia asichelewe foleni.

Jumapili iliyopita tulifanya jaribio. Tulikuwa kwangu Section 58, nguo zinakauka nje, na kitu kama saa tano asubuhi familia yake ikaanza kutafutana kwenye simu. Gesi ilikuwa imeisha na wageni wa kanisa walikuwa njiani. Simu ya kwanza ilienda kwa mdogo. Mchumba wangu alipata habari baadaye, kwenye kundi lao. Alisimama, akachukua koti, akatafuta funguo mfukoni. Halafu akakaa tena, koti likiwa mapajani, akitazama simu. Baada ya dakika 40 hivi ikaingia picha ya mtungi mpya umefungwa nyuma ya bodaboda. Aliikuza kwa vidole, akachunguza jinsi kamba ilivyofungwa, akasema imelegea kidogo upande wa kushoto. Kisha akaniuliza kama kuna chai.