Mchezo Usio na Mshindi

Wengi wetu tunaijua dama, ile ya kucheza barazani kwa vifuniko vya chupa. Mimi napenda zaidi sataranji, yenye mfalme, malkia, farasi na ngome. Watu huniuliza: mnaketi saa tano, kisha hakuna aliyeshinda, mmefanya kazi gani? Mimi huwasimulia mchezo mmoja.

Mwaka 1962 mataifa yalikutana kushindana mjini Varna, katika nchi ya Bulgaria. Mikhail Botvinnik wa Umoja wa Kisovieti, bingwa wa dunia, mtu wa miaka 51, aliketi mbele ya Bobby Fischer wa Marekani. Huyu alikuwa na miaka 19 tu, lakini msimwite mwanafunzi: ubingwa wa nchi yake aliupata akiwa na miaka 14.

Botvinnik alikuja na hatua alizozitayarisha nyumbani. Kumbe, kwa hatua ya 17, Fischer akala askari mmoja kwa malkia wake. Malkia yule akaliwa, na papo hapo farasi wa Fischer akamla malkia wa mzee. Jambo hilo Botvinnik hakuliona katika matayarisho yake yote. Tangu hapo alikuwa mtu wa kujitetea, tena akiwa amepungukiwa askari.

Mchezo ukasimamishwa hadi siku ya pili, kama ilivyokuwa desturi wakati ule. Wengi waliona mzee amekwisha. Lakini usiku ule yeye na wenzake walipanga vipande upya, wakatafuta njia. Efim Geller ndiye aliyeiona. Kulipokucha wakacheza ngome kwa ngome, hatua kwa hatua, mpaka ya 68, wakapeana mkono: sawasawa. Kwangu mimi, nusu ile ya Botvinnik ina jasho kuliko ushindi mwingi.

Fischer hakuridhika. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 aliandika kwamba ushindi ulikuwapo. Botvinnik akabisha, na wanafunzi wa shule yake wakauchunguza tena, mmoja wao Garry Kasparov, kijana bado.

Wale wawili hawakucheza tena pamoja. Nami nikipanga vipande vile mezani, huchukua upande wa Fischer, natafuta mlango. Ngome ya mzee hunizuia kila mara.