Anapolilia Mlango

Kama unaishi ghorofani na umefuga paka, sauti hii unaijua. Saa kumi na moja alfajiri, hata muadhini hajakohoa, mtu anasimama mlangoni analia kama kafiwa. Njaa hana, bakuli limejaa. Haja hana, beseni lake la mchanga lipo na ni safi. Anataka kutoka, basi.

Wa kwangu anaitwa Kashata. Ni dume, kahawia mwenye mistari, na tunaishi naye ghorofa ya tatu Upanga, mimi na mume wangu. Tulimchukua akiwa anaenea kiganjani, na hajawahi kukanyaga barabara. Sasa mtu asiyekujua huko nje, analilia nini?

Amini usiamini, swali hilo lilikaribia kutugombanisha. Mume wangu amekulia Tanga, kwenye nyumba yenye uwanja, ambako paka hutoka asubuhi na kurudi jioni kama mfanyakazi, na hakuna anayemuuliza katoka wapi. Kwake yeye, kumfungia paka ndani ni kumtesa. "Mwachie, mke wangu. Paka ni paka." Mimi nikichungulia dirishani naona bodaboda, mtaro ulio wazi, na majirani wanaotega sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kudhurika. Ongeza mbwa wasio na wenyewe na ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao paka pia huupata, na akikuuma anaweza kukuambukiza. Jibu langu likawa moja tu: hatoki.

Ubishi ukawa wa kila usiku. Na si unajua tena mambo ya ndoa, ubishi wa paka haubaki kuwa wa paka. Siku moja mume wangu akasema, taratibu tu, bila hasira: "Wewe kila unachokipenda unakifungia." Nikanyamaza. Mwezi huo nilikuwa nimeshamuuliza mara tatu kwa nini Ijumaa anachelewa kurudi. Sasa hapo jamani, nani alikuwa anamzungumzia Kashata?

Siku ya chanjo ikafika, tukaenda wote wawili kwa daktari wa mifugo, kila mmoja akiwa na matumaini kwamba mtaalamu atakuwa upande wake. Dada wa watu akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ameshahasiwa?" Bado. Akacheka. Dume ambaye hajahasiwa, alisema, akinasa harufu ya jike anayetafuta dume, hata umpe samaki mzima hatulii. Jike naye akifika wakati wake hulia vilevile. Upasuaji wenyewe hufanywa mapema, paka akiwa na miezi minne hadi sita hivi, ingawa hata mkubwa hufanyiwa. Hauondoi hamu yote ya kutoka, lakini kwa dume huipunguza sana.

"Ila msidhani kila akilia mlangoni anataka mlango," akaongeza. Neno hilo nilitoka nalo pale kama nimepewa zawadi.

Maana paka wetu hawa wa sebuleni asili yao ni paka-mwitu wa Afrika, aliyeanza kuzoeana na binadamu miaka kama 10,000 iliyopita, kwa sababu ya panya waliofuata nafaka kwenye maghala. Alikuja kwa kazi. Mwili wake umeumbwa kunyemelea, kurukia, kukamata, kula, kujilamba, kisha kulala, na hucharuka zaidi alfajiri na magharibi. Ndani ya flati chakula kinamfuata bakulini. Kazi hana. Mlango ndiyo sehemu pekee ya nyumba ambako kuna jambo hutokea.

Basi tukamhasi, halafu tukamtafutia kazi. Tulipiga rafu pana kwenye dirisha la sebule, na nje ya grili fundi akafunga wavu wa chuma, kwa sababu wavu wa mbu kucha zinauchana na paka huanguka kutoka ghorofani kama mtu mwingine. Kutoka hapo anawatazama kunguru wa Dar wakigombana, na hiyo ndiyo televisheni yake. Jioni, kabla ya chakula, kuna mchezo wa dakika kumi hadi kumi na tano: kamba yenye unyoya mwishoni, unaivuta kama panya anayekimbia, na mara moja moja unamwachia aikamate, la sivyo anakata tamaa. Ndipo anakula, anajilamba, analala. Chakula kingine tunakificha kwenye trei tupu ya mayai akichokore mwenyewe. Tumemwotesha na ngano kwenye kopo, anatafuna majani yake badala ya maua yangu.

Na mlango? Akilia, haufunguliwi, na wala hagombezwi, kwa sababu hata kugombezwa ni kusikilizwa. Siku za mwanzo alilia zaidi kuliko zamani, na daktari alishatuonya. Ukilegea siku ya nne, umemfundisha kwamba dawa ni kulia siku nne.

Mume wangu naye hakutoka mikono mitupu. Alinunua mkanda wa kifuani, akamzoesha ndani kwa wiki mbili, na sasa kila Jumapili jioni wanashuka uani, dakika ishirini, yeye ameshika kamba na Kashata ananusa kila jiwe. Wanatoka saa ileile kila wiki, kamwe si baada ya kelele.

Sitakudanganya kwamba halii tena. Zipo alfajiri anasimama palepale. Lakini zamani ilikuwa kila siku, na sasa nikimtikisia kamba anageuka.

Kuna jambo moja lilibaki kichwani mwangu. Kama kwa paka tuliweza kuuliza huko nje anakosa nini humu ndani, mbona kwa mume wangu nilikuwa nauliza saa tu? Ijumaa moja nikamuuliza: ukiwa na wenzako mnafanya nini hasa? Akafikiri kidogo, akasema, "Tunacheka." Nikakaa nalo. Sisi nyumbani mazungumzo yalikuwa yamebaki kodi, luku na nani kamlisha paka. Siku hizi Jumatano usiku simu zinazimwa, tunacheza karata, na anayeshindwa ndiye anayesafisha mchanga wa Kashata.

Ijumaa yake anaendelea kwenda. Na yeye mkanda simvishi.