Bonde la Mto Lina Mwenyewe

Mimi ni bwana shamba. Kila siku nawaambia wakulima wasilime wala kujenga karibu na mto. Lakini siku moja nilinyamaza.

Mdogo wangu ni mchuuzi Kariakoo. Nilimtembelea kiangazi cha mwaka 2011. Jumapili jioni alinichukua tukapunge upepo. Tulifuata Mtaa wa Msimbazi mpaka Faya. Kisha tukateremka Barabara ya Morogoro mpaka bonde la Jangwani. Hapo unapita Mto Msimbazi, unaotoka milima ya Pugu kwenda baharini.

Vijana walicheza mpira. Wazee walikaa kwenye majani wakizungumza. Baada ya kelele za sokoni, nilipumzika kweli.

Karibu na hapo mdogo wangu alinionyesha chumba alichopanga. Nilitazama chini. Udongo ulikuwa tope la mto lililokauka. Nilijua maana yake. Lakini kodi ilikuwa ndogo, naye alikuwa na furaha. Nikanyamaza.

Desemba mwaka huo huo mvua kubwa ilinyesha. Mto ulifurika. Jijini walikufa watu wapatao 40. Mdogo wangu, mkewe na mtoto walikesha juu ya paa. Walipona, lakini mali yote ilikwenda na maji. Baadaye Serikali iliwapa waathirika wengi viwanja Mabwepande.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa bonde la Msimbazi. Katika mpango huo imo bustani kubwa ya mapumziko. Mpango huo una maana. Mafuriko yakija, majani na miti hustahimili. Nyumba na watu hawastahimili.

Je, kijijini kwako mto ukoje? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Basi acheni majani yaote hapo. Pandeni miti. Watu wapumzike kivulini. Watoto wacheze wakati wa kiangazi, lakini wasiogelee kwenye maji machafu. Mvua zikianza, kila mtu aondoke bondeni.

Na ukimwona ndugu yako anajenga bondeni, mwambie, hata kama atakasirika. Mimi nilinyamaza. Wewe usinyamaze.