Msiwapime kwa Jua la Mombasa



Sisi watu wa pwani tumezoea jua lisilovunja ahadi. Iwe Kaskazi au Kusi, Magharibi yetu haiendi mbali na saa 12 na nusu. Kwa mazoea hayo tulimhukumu binti yetu aliyeolewa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Kila tulipompigia simu mwezi wa Disemba, sauti yake ilikuwa nzito na neno lake lilikuwa moja: amechoka. Tulimkemea kwa ukali wa mzazi, tukamwambia kuwa uvivu umemwingia, na huenda dunia imemghuri. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, njoo uone."

Mwaka uliofuata Mola alitujaalia safari, tukafika Disemba hiyo hiyo. Jua lilichomoza karibu na saa 3 kasorobo asubuhi, likapita chini chini juu ya mapaa, na kabla ya saa 9 alasiri likazama. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote ziliingia katika muda wa saa 3 hivi, naye yuko kazini. Atokapo nyumbani ni giza, arudipo ni giza. Watoto huvishwa vibandiko ving'aavyo kwenye makoti ili madereva wawaone. Baridi yenyewe tuliistahimili, kwani upepo utokao kwenye maji vuguvugu ya Atlantiki huipunguza makali, na theluji mara nyingine hugeuka mvua. Kilichotulemea ni giza. Siku ya tano tulijinyoosha baada ya Adhuhuri, tukazinduka tusijue ni Magharibi au ni Alfajiri. Hapo tuliona haya.

Tulijifunza pia kwamba jua la majira hayo liko chini mno, ngozi haiwezi kujitengenezea vitamini D. Watoto wachanga wa huko hupewa matone yake tangu wiki za mwanzo. Mama mwenye kujisitiri naye ana haja ya kumuuliza daktari, kwani uchovu si uvivu kila mara.

Mwezi wa Juni mambo hupinduka. Jua huchomoza saa 9 na nusu za usiku na kuzama baada ya saa 4 usiku. Ramadhani ya mwaka 1437 Hijria iliangukia Juni 2016, na binti yetu alifunga kiasi cha saa 20 kwa siku. Siku alizodaiwa alizilipa Disemba, ambapo saumu ni kiasi cha saa 9 tu. Subhanallah! Aliyerefusha huku ndiye aliyefupisha kule.

Kabla ya kuondoka tulimwomba binti yetu radhi. Si jambo jepesi kwa baba, lakini haki haina mkubwa.

Wazazi wenzetu, wana wetu wengi wako ng'ambo. Kabla ya kuwalaumu, waulizeni kwanza: huko kwenu kumepambazuka?

Wabillahi tawfiq.