Elkhart Lake: Breki Haina Ubishoo!

Wiki hii nawatoa mjini kidogo. Twende Elkhart Lake, kijiji cha jimbo la Wisconsin, Marekani. Kutoka Chicago, anakoishi binamu yangu, ni mwendo wa kama saa mbili na nusu kwa gari.

Kuanzia 1950 hadi 1952 watu walishindana magari kwenye barabara za kawaida za hapo. Serikali ya jimbo ikapiga marufuku. Ndipo 1955 ukafunguliwa uwanja wa Road America: mzunguko wa kilometa 6.5, kona 14, miti kila upande. Ukiingia tu unapokewa na harufu ya soseji za kuchoma, utameza mate!

Sisi tulifuata June Sprints, mashindano ya ridhaa ya SCCA, chama kilichoanzishwa 1944. Madereva hawa hawalipwi, Jumatatu wanarudi kazini kama mimi na wewe. Mimi nilivutiwa na kundi la Spec Miata, vile vigari vya Mazda vya viti viwili, vilivyotoka kati ya 1990 na 2005.

Nilidhani wameweka mabreki ya kutisha. Wapi! Sheria inabana. Diski na kalipa ni zile zile za kiwandani. ABS inazimwa kabisa. Unachoruhusiwa ni kuchagua pedi unazotaka, kufunga mipira ya breki iliyofumwa kwa nyuzi za chuma, na kung'oa vile vibati vya kukinga vumbi ili diski ipate hewa. Mwenye pesa nyingi hawezi kununua ushindi, labda ajifunze kukanyaga pedali.

Ukitaka kujua kwa nini hilo si jambo la mchezo, simama Kona ya 5. Magari yanateremka kwa spidi ya zaidi ya kilometa 160 kwa saa, halafu ghafla kona kali kushoto. Hapo ndipo unamjua nani kajiandaa. Breki inageuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lisipopata pa kwenda linachemsha mafuta ya breki. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inazama hadi sakafuni na gari haliko nawe tena!

Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yavumilie angalau nyuzi 230. Lakini yanafyonza unyevu wa hewani, na yakishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ndiyo maana niliona jamaa wakimwaga mafuta yanayoonekana masafi kabisa na kutia mapya. Na pedi za mashindano nazo zina visa: zikiwa baridi hazishiki vizuri, kwa hiyo usizitamani kwa gari la kwenda nalo sokoni.

Sasa wewe mshikaji uliyebadilisha ekzosi, rimu na muziki, nikuulize: mafuta ya breki ulibadilisha lini? Kitonga haijali rangi ya rimu. Kabla hujamwambia fundi aongeze mwendo, mwambie kwanza akague cha kuusimamisha. Bei yake haifiki hata ya spika moja ya nyuma.

Haya, tukutane wiki ijayo. Endesheni salama!