Masurufu ya Njiani

Nakusudia kuwasimulia habari ya usiku mmoja wa mwezi wa Julai, mwaka 2022, ambayo kwa muda mrefu nilimsihi mke wangu asimhadithie mtu. Sasa ameniambia kwamba aibu yangu ikifichwa haitamfaa yeyote, nami naona asema kweli.

Sisi ni wakazi wa Iringa mjini. Ninayo motokaa kuukuu ya abiria. Niling'oa viti vyake vya nyuma, nikatandika godoro, nikapigilia rafu ya sufuria na kuweka jiko dogo la gesi, ili tusafiripo tuweze kulala na kupika humo humo. Watalii hupita Iringa na magari ya namna hiyo, makubwa kama nyumba, wakielekea mbuga ya Ruaha. Langu lilikuwa kibanda tu, lakini nililionea fahari, na majirani walikuja kulitazama.

Tulialikwa akika Mbeya. Tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi. Mama ana ugonjwa wa kisukari, na hujidunga sindano ya insulini asubuhi na jioni. Siku tatu kabla ya safari mke wangu aliona maji yamedondoka chini ya motokaa, upande wa mbele. Akaniambia, "Baba watoto, gari linatoka maji." Nikamjibu kuwa ni umande. Akauliza, "Umande gani unaoanguka uvunguni mwa gari?" Sikuwa na jibu, kwa hiyo nikajifanya sikusikia.

Tukaondoka baada ya sala ya Ijumaa. Nilisimama penye mlango wa motokaa nikasoma dua ya safari kwa sauti, na watoto wakaitikia amina. Jioni moja kila juma mimi huwafundisha watoto wa mtaa katika madrasa yetu, nami nilijiona nimetimiza kila lililonipasa.

Njia ya kwenda Mbeya waijua wengi wenu. Ukiiacha Ipogolo wapita Ifunda, kisha Mafinga yenye misitu ya misonobari ya Sao Hill, na baada ya hapo Makambako, ambako katika mwezi wa Julai baridi humpiga mtu mpaka kwenye mifupa. Tulifika Makambako jua limekwisha kutua. Tukasali Magharibi na Isha kwa kukusanya, na Isha tukaipunguza kama ilivyoruhusiwa msafiri. Mke wangu alitaka tule pale pale. Nikakataa, kwa kuwa huko mbele barabara hushuka kuelekea bonde la Usangu na hewa huwa na joto kidogo. Tungeegesha Igawa, tuwashe jiko letu, tule kama watu waungwana. Ukweli ni kwamba nilitaka kulitumia jiko langu.

Tulipopita Halali mama aliuliza kama tumekaribia. Nikamwambia, "Tumefika, mama." Naye akajidunga sindano yake, maana dawa ile aliyokuwa akiitumia yataka chakula kifuate katika muda wa nusu saa hivi.

Hazikupita dakika tano tukasikia mpasuko, na mvuke ukafunika kioo cha mbele. Mpira wa chini wa rejeta, ule uliokuwa ukidondosha "umande", ulikuwa umepasuka, na maji yote yamemwagika. Hapakuwa na nyumba wala taa, nayo simu yangu haikupata mtandao. Nikachukua mawe mawili makubwa nikayaweka nyuma ya magurudumu, kisha nikakata matawi nikayatupa barabarani, kama tufanyavyo sote. Zile pembetatu nyekundu ambazo askari wa barabarani hutuuliza nilikuwa nimemwazima rafiki, naye hajazirudisha.

Mke wangu akawasha jiko na kubandika viazi. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya boneti na tochi ya simu, nikitazama jambo nisiloweza kulitengeneza, aliposema, "Njoo umtazame mama."

Mama alikuwa akitoka jasho katika baridi ile. Mikono yake ilitetemeka, na alimwita mwanangu mdogo kwa jina la marehemu baba. Kila mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani aijua hali hiyo: sindano imeshusha sukari ya mwili na chakula hakijaingia. Hapo yatakiwa kitu kitamu upesi, wakati bado anaweza kumeza. Tukapekua kila mfuko. Tulikuwa na mchele, nyama mbichi, viazi vigumu juu ya jiko, majani ya chai. Sukari hatukuwa nayo hata punje, kwa sababu kwa kumhurumia mama tulikuwa tumeacha kusafiri nayo. Tende za Ramadhani zilikwisha zamani. Ndugu zangu, sijapata kusikia ukimya kama ule uliokuwa ndani ya motokaa ile.

Kisha tukasikia lori likiteremka. Dereva aliyaona matawi yangu kwa kuchelewa, breki zikalia, na lori likapinda, likatupita kwa kiasi cha mkono. Lilisimama mbele, na dereva akarudi kwa miguu, mtu mzima wa makamo, amekasirika. Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuweka matawi hatua kumi nyuma ya gari katika mteremko. Lori lenye mzigo lahitaji hatua mia na zaidi ili lisimame. Alikuwa na haki ya kuniambia maneno makubwa kuliko hayo. Lakini mke wangu alimkatiza: "Kaka, una sukari?" Utingo akakimbia, akarudi na chupa ya soda ya chungwa. Mama akanywa kidogo kidogo, kichwa chake kifuani mwa mke wangu. Haikupita robo saa akaniita kwa jina langu. Baadaye akala viazi vya moto, na alipomaliza akauliza kwa nini havikutiwa chumvi. Alhamdulillahi.

Utingo alikata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa ukanda mrefu, akauzungusha juu ya ule mpasuko akiuvuta kwa nguvu, tabaka juu ya tabaka. Akangoja injini ipoe kabla ya kuugusa mfuniko wa rejeta, maana maji ya humo hukaa kwa shinikizo, na wengi wameungua nyuso kwa haraka yao. Akajaza maji kutoka galoni lao. Kisha akaufunga mfuniko nusu tu, ili shinikizo lisiupasue ule ukanda, na akaniagiza nisipite mwendo wa pole na nisimame kila baada ya kilomita chache kutazama maji. Huku kwetu milimani maji huchemka mapema kuliko pwani. Mbeya huchemka karibu na digrii 94, kwa hiyo rejeta isiyofungwa vema huishiwa upesi.

Wakati tukingoja, dereva alinisimulia kwamba baba yake aliiendesha njia hii ilipokuwa ya udongo. Baada ya wazungu wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwezi wa Novemba 1965, Zambia ilifungiwa njia ya kusini, na malori yakabeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam na kurudi na shaba. Madereva waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, reli mwaka 1975, na lami ikaja katika miaka hiyo. Baba yake, alisema, hakupata kuondoka bila chakula cha siku tatu, maana alijua kwamba atakwama, na hakuona kuwa kujua hivyo ni kumkufuru Mungu.

Maneno hayo yaliniingia. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu, wakisema wao wamemtegemea Mwenyezi Mungu. Kisha wakifika Makka huwaombaomba watu. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara iwaamrishe wachukue masurufu. Habari hiyo nimeifundisha mwenyewe, ubao ukutani na fimbo mkononi.

Tulikuwa tayari kuondoka. Niliwasha injini na kuanza kusogea, furaha imenijaa. Dereva akapiga bamba la gari kwa kiganja: "Mzee, na mawe yako?" Nikatazama nyuma. Mawe yalikuwa pale pale barabarani, na matawi pia, yakimngoja mpita njia wa pikipiki. Dereva yule hakuwa wa dini yetu. Msalaba ulining'inia kwenye kioo chake. Na mimi ndimi niliyewafundisha watoto kwamba Mtume (s.a.w.) alihesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi mojawapo la imani. Binti yangu mkubwa, mwanafunzi wangu wa madrasa, alikuwa akinitazama. Alishuka yeye kabla yangu.

Nilimtolea dereva fedha, akakataa. Alitaka jambo moja, nijaze galoni lake tutakapokutana Igawa, na nikalijaza.

Uingereza wenye motokaa walianzisha chama chao mwaka 1905, na mwanachama akikwama hupiga simu akajiwa na fundi. Kwetu msaada ni mwenye lori, au kijana wa bodaboda anayekwenda kumtafuta fundi Mafinga au Makambako. Na penye ajali au hatari ni polisi kwa namba 112, kama simu inashika. Siku hizi kabla ya safari motokaa hulala kwa fundi, naye huiminya mipira yote kwa vidole, kwa kuwa mpira uliolainika au kuvimba hauna siku nyingi. Nabeba mpira wa rejeta na mkanda wa feni vya akiba, maji lita ishirini, jeki niliyoijaribu nyumbani, tochi yenye betri zake, na blanketi kwa kila mtu. Pembetatu zangu simwazimi mtu, awe rafiki au shemeji. Tunakula kabla ya sindano kuchomwa, au sahani ikiwa mkononi.

Mke wangu hunipekua mizigo hata hivyo. Na mama, kila tuendapo safari, hufunga fundo dogo katika pindo la khanga yake. Nilimwuliza mna nini. Akasema, "Sukari, vijiko vinne. Wewe niambie tu kuwa tumefika."